Kuchagua Bunduki ya Hewa kwa Kuwinda Wanyama Wadogo na Kulenga Shabaha

Anayenunua bunduki ya hewa kwa mara ya kwanza hukutana na namba moja iliyochapwa kwa ukubwa ubavuni mwa boksi, nayo ni mwendo wa risasi kwa sekunde. Namba hiyo ndiyo inayouza bunduki, lakini ndiyo inayomweleza mnunuzi machache kuliko zote. Mara nyingi hupatikana kwa kupima risasi nyepesi za aloi ambazo mwindaji makini hatazitumia, na tena risasi ya kawaida ya bunduki ya hewa, ile yenye kiuno chembamba na sketi kwa nyuma, huanza kuyumba mwendo wake unapoukaribia ule wa sauti, yaani takriban mita 340 kwa sekunde. Ndiyo maana bunduki inayojisifu kwa kasi huweza kutawanya risasi zake karatasini, huku bunduki tulivu iliyokaa pembeni mwa kabati ikizirundika zote katika tundu moja. Mwongozo huu unaanzia pale risasi inapofikia, kwa mnyama au kwa karatasi, kisha unarudi nyuma hadi kwenye bunduki.

Hatua ya kwanza: ijue sheria kabla ya kutoa pesa

Mtu asidhani kwamba bunduki isiyotumia baruti si silaha mbele ya sheria. Kila nchi ina mpaka wake, na mara nyingi mpaka huo hupimwa kwa nguvu ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu. Katika England na Wales, bunduki ndefu ya hewa isiyozidi futi-pauni 12, ambazo ni takriban jouli 16.3, haihitaji cheti cha silaha, ilhali Scotland, iliyo jirani kabisa, imedai leseni tangu mwisho wa mwaka 2016. Ujerumani mpaka ni jouli 7.5, na bunduki iliyo chini yake hupigwa chapa ya herufi F ndani ya pembetano. Katika baadhi ya nchi bunduki ya hewa huwekwa kundi moja na silaha nyingine zote. Uliza mambo matatu kwa polisi au kwa ofisi inayosimamia silaha mahali ulipo: nguvu inayoruhusiwa, kama kuwinda kwa bunduki ya hewa kumeruhusiwa au ni shabaha tu, na wanyama gani wanaruhusiwa kuwindwa na kwa msimu upi. Uliza pia kuhusu kipunguza sauti, kwani bunduki nyingi za siku hizi huuzwa kikiwa kimeshafungwa, na zipo nchi zinazokihesabu kama silaha peke yake.

Hatua ya pili: amua unachokilenga na umbali wake

Kulenga karatasi na kuwinda ni kazi mbili zinazofanana kwa mbali tu. Mashindano ya mita 10, yaliyoingia katika Olimpiki mwaka 1984, hutumia bunduki zenye nguvu ndogo na risasi za milimita 4.5, na nukta ya alama kumi ina kipenyo cha nusu milimita. Bunduki ya namna hiyo ni chombo cha usahihi wa ajabu, lakini kumpiga nayo sungura aliye mita 30 ni kumjeruhi na kumwacha akafie kichakani.

Risasi ya bunduki ya hewa haiui kwa kishindo kama ya bunduki ya baruti. Huua kwa kufika kwenye ubongo, au kwa ndege kwenye moyo na mapafu, na eneo hilo kwa sungura au njiwa halizidi sana ukubwa wa sarafu. Kwa wanyama wa ukubwa huo, bunduki ya jouli 16 inatosha hadi mita 30 au pungufu, mradi mpigaji aweze kuweka risasi zake zote ndani ya mduara wa sentimita 2.5 kwa umbali huo, kila mara, akiwa amepiga goti au ameegemea mti, si juu ya meza peke yake. Asiyeweza hayo hatasaidiwa na bunduki yenye nguvu maradufu. Atamkosa mnyama kwa kelele zaidi.

Andika basi jibu lako kwenye karatasi kabla ya kuingia dukani: mnyama fulani, umbali fulani, au karatasi peke yake. Ikiwa sehemu kubwa ya risasi zako zitaishia kwenye karatasi na chache tu kwa sungura, na kwa watu wengi ndivyo ilivyo, nunua bunduki ya nguvu ya wastani inayopendeza kuipiga mchana kutwa.

Hatua ya tatu: kipenyo cha risasi

Vipenyo vinavyopatikana kwa urahisi ni milimita 4.5 na 5.5, vikifuatwa na 6.35. Kile cha 6.35 kinahitaji bunduki yenye nguvu kubwa, na anayeanza anaweza kukiacha kando. Ubishi wa kweli uko kati ya viwili vya kwanza, na hesabu kidogo inausaidia.

Chukua bunduki mbili zenye nguvu inayokaribiana, takriban jouli 15 au 16. Ile ya 4.5 itarusha risasi ya gramu 0.55 kwa mita 240 kwa sekunde. Ile ya 5.5 itarusha risasi ya gramu 1 kwa mita 175 hivi. Sasa rekebisha darubini za zote mbili zipige sawasawa kwa mita 30, kisha mnyama asimame mita 40 huku wewe ukidhani yuko 30. Risasi ya 4.5 itapiga chini ya alama kwa takriban sentimita 4, na ya 5.5 kwa sentimita 7 hivi. Kwa hiyo kipenyo kidogo humsamehe zaidi anayekosea kukadiria umbali. Kwa upande wake, kipenyo kikubwa hufungua tundu pana zaidi na humwachia mnyama nguvu nyingi zaidi badala ya kupita hadi upande wa pili, na risasi zake ni rahisi kushika kwa vidole vyenye baridi, jambo ambalo hulithamini mpaka zikudondoke tatu mfululizo kwenye majani.

Ushauri wangu ni 4.5 kwa anayelenga karatasi zaidi ya kuwinda, kwa kuwa pia risasi zake kwa kawaida ni za bei nafuu, na 5.5 kwa anayewinda zaidi na yuko tayari kujifunza kukadiria umbali kwa kuhesabu hatua zake.

Hatua ya nne: chanzo cha nguvu

Hapa ndipo uamuzi mzito ulipo, kwa sababu ndipo gharama, uzito na namna ya kupiga vinapoamuliwa kwa pamoja.

Bunduki ya springi ndiyo iliyoenea kuliko zote. Unakunja mtutu, au unavuta wenzo ulio chini yake, springi inajikunja na kushikwa. Ukivuta triga, springi inaisukuma pistoni, pistoni inaikandamiza hewa, na hewa inaitoa risasi. Haihitaji mtungi wala pampu, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Ugumu wake ni kwamba pistoni huanza kwenda kabla risasi haijatoka mtutuni, hivyo bunduki hurudi nyuma na papo hapo kusukumwa mbele, yote hayo risasi ikiwa bado njiani. Ukiibana kwa nguvu kama bunduki ya baruti, itatupa risasi kila upande. Inataka ishikwe kwa ulegevu, kiganja cha mbele kikiwa kitanda tu, na ishikwe vilevile kila mara. Mwenye subira ya kujifunza hilo hutoka akiwa mpigaji bora kuliko aliyeanza na bunduki rahisi.

Badala ya springi ya chuma, baadhi ya bunduki hizi hutumia silinda ya gesi iliyofungwa. Hiyo haichoki ikiachwa imekokiwa kwa muda, na mtikisiko wake ni mfupi, ila silinda ikivuja ni ya kubadilishwa nzima. Kwa zote mbili, angalia ugumu wa kukoki. Bunduki za nguvu kubwa hudai mvuto wa kilo 15 hadi 20, na mtu anayeikoki mara tatu dukani kwa fahari hujikuta amechoka baada ya risasi ya thelathini. Mkono uliochoka hautulii.

Bunduki ya hewa iliyojazwa kabla hubeba hewa kwenye silinda yake, kwa kawaida kwa shinikizo la bar 200 hadi 250, na kutoa kiasi kidogo kwa kila risasi. Haina pistoni inayoruka, hivyo haitikisiki sana, haichagui namna ya kushikwa, na nyingi zina magazini. Kwa usahihi wa haraka hakuna inayoishinda. Lakini bei yake isihesabiwe peke yake, kwani utahitaji pampu ya mkono, ambayo ni kazi ya jasho, au mtungi wa kujazia, au kompresa maalumu. Ijazwe hewa kavu na safi tu. Oksijeni isitumike kamwe, kwa kuwa oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta au grisi huweza kulipuka. Uliza pia kama kuna kirekebishi cha shinikizo ndani yake, kifaa kinachozifanya risasi za kwanza na za mwisho za mjazo mmoja ziende kwa mwendo mmoja.

Bunduki za kaboni dioksaidi hupendeza kwa mchezo wa uani, lakini shinikizo la gesi hiyo hupanda na kushuka na joto, na asubuhi ya baridi risasi huanguka chini ya alama. Kwa kuwinda naziacha. Zile za kupampu mara nyingi kwa mkono zinaweza kuwinda wanyama wadogo kwa umbali mfupi, ila kupampu mara nane mnyama akikutazama si jambo la kufurahisha.

Hatua ya tano: ishike bunduki yenyewe

Baada ya kupunguza orodha hadi mbili au tatu, ziombe mkononi. Hakikisha kwanza kwa macho yako kwamba haina risasi na haijakokiwa. Funga macho, ilete begani kana kwamba unalenga, kisha fumbua: jicho liwe tayari nyuma ya darubini pasipo kusogeza shingo. Ikiwa kitako ni kirefu mno, utajikuta unanyoosha kichwa mbele; kikiwa kifupi, kidole gumba kitakaribia pua. Bunduki nyingi za springi zenye darubini hufikia kilo 4, uzito unaosaidia kutulia kwenye shabaha lakini unaoonekana mara mbili baada ya kutembea nusu siku.

Triga ni jambo linalosahaulika sana. Triga nzuri ina hatua mbili: mvuto mwepesi wa kwanza, kisha ukuta unaousikia waziwazi kidoleni, na nyuma ya ukuta huo bunduki inapiga bila mburuto. Triga inayojikokota kama mlango wenye kutu itaharibu kila jambo jema ulilolilipia. Muuzaji asiporuhusu ujaribu kwa risasi, usifyatue bunduki ya springi ikiwa tupu, kwani pistoni isiyokutana na hewa iliyozuiwa na risasi hugonga mwisho wa silinda na kuharibu sili yake, yaani kizuizi cha hewa kuvuja.

Hatua ya sita: darubini

Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilifunga kwenye bunduki yangu ya springi darubini iliyotoka kwenye bunduki ya baruti, nikiamini kwamba iliyohimili kishindo kikubwa itahimili kidogo. Kama baada ya risasi sitini nilichungulia na kukuta alama ya msalaba imelala kama herufi X, na kitu kikicheza ndani ukiitikisa. Kosa halikuwa la darubini. Darubini za bunduki za baruti hutengenezwa kuhimili mshtuko wa kurudi nyuma, ilhali springi huipiga pia kwenda mbele. Nunua basi darubini iliyoandikwa wazi kwamba ni ya bunduki za hewa za springi, na vishikio vyenye pini ya kuzuia kuteleza. Mwenye bunduki iliyojazwa kabla hana wasiwasi huo.

Jambo la pili ni umbali wa kuona vizuri. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimepangwa kwa mita 90 au zaidi, na kwa mita 15 picha huwa ya ukungu na alama huhama jicho likisogea kidogo. Tafuta inayoweza kurekebishwa hadi mita 10. Ukuzaji wa mara 3 hadi 9 unatosha.

Hatua ya saba: risasi, na uvumilivu wa kuzichagua

Kiswahili kimetumia neno moja, risasi, kwa kinachorushwa na kwa madini yenyewe, na katika bunduki ya hewa maana hizo mbili hukutana, kwa kuwa risasi zake nyingi hutengenezwa kwa risasi laini. Ulaini huo ndio unaoiwezesha sketi yake kupanuka na kushika mifereji ya mtutu. Ndio pia unaotaka tahadhari: osha mikono kabla ya kula, usizishike mdomoni hata kwa sekunde, na kwa mnyama wa kuliwa kata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha. Zipo pia risasi za bati zisizo na madini hayo. Ni nyepesi zaidi, na baadhi ya mitutu huzipenda, mingine huzikataa.

Kwa karatasi, chagua zenye kichwa bapa, kwa kuwa hukata tundu safi la duara linaloweza kuhesabiwa bila ubishi. Kwa kuwinda, zenye kichwa cha kuba ndizo salama zaidi kuanza nazo, kwani huhifadhi mwendo na kufuata njia moja. Zenye ncha na zenye tundu kichwani huvutia macho dukani, na mara nyingi kuvutia huko ndiko kazi yake kubwa.

Usinunue makopo kumi ya aina moja. Nunua aina nne au tano, kopo moja moja, zenye uzito tofauti, kisha ukae na bunduki yako siku isiyo na upepo. Utaona tofauti hata kabla ya kupiga: ukiisukuma risasi kwa kidole gumba kwenye mlango wa mtutu, moja inatumbukia yenyewe kana kwamba njia imepanuliwa, nyingine inakataa mpaka sketi inakunjika, na nyingine inaingia kwa ukinzani mdogo ulio sawa pande zote, kisha inakaa. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuanza nayo. Piga kumi za kila aina kwenye karatasi mita 25, bila kugusa skrubu za darubini. Usijali zinapiga wapi. Tazama zimekaribiana kiasi gani. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja zinaweza kupenda risasi tofauti, kwa hiyo ushauri wa rafiki ni mahali pa kuanzia tu.

Kwenye bunduki ya kukunja mtutu, wakati wa kuweka risasi shika mtutu kwa mkono mmoja na kidole kiwe mbali na triga. Springi ikifyatuka mtutu ukiwa umefunguka, mtutu hujifunga kwa nguvu zake zote, na huondoka na kucha.

Hatua ya nane: ikiwa unanunua iliyotumika

Omba ipigwe mbele yako kwenye kipimo cha mwendo, risasi kumi za aina moja. Zikitofautiana kwa zaidi ya mita 5 au 6 kwa sekunde, kuna sili iliyochakaa au springi iliyochoka. Moshi na mlio mkali usio wa kawaida ni dalili ya mafuta yanayowaka ndani ya silinda, kosa la mtu aliyetia mafuta ya kawaida pasipofaa. Ile iliyojazwa kabla iachwe usiku mzima na kipimo chake kisomwe asubuhi; sindano ikiwa imeshuka, kuna oringi, pete ya mpira ya kuzuia hewa, inayovuja. Soma pia tarehe ya mwisho ya ukaguzi wa mtungi.

Hatua ya tisa: tafuta umbali wako

Bunduki ikishapata risasi yake, rekebisha darubini kwa mita 25 au 30. Weka nyuma ya shabaha boma la udongo au boksi lililoshindiliwa mchanga, si ubao mgumu wala bati, kwa kuwa risasi ya hewa hudunda na kurudi, na vaa miwani ya kukinga macho. Kisha chora miduara ya sentimita 2.5 na uipige kwa mita 10, 15, 20 na kuendelea, ukiandika kila mara risasi imepiga juu au chini ya alama kiasi gani. Usishangae kwamba kwa mita 4 au 5 inapiga chini: darubini imekaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, na risasi bado haijapanda kuufikia mstari wa jicho.

Ondoka sasa kwenye meza. Piga ukiwa umepiga goti, ukiwa umesimama ukiegemea kigingi, ukiwa umetoka kupanda kilima na moyo unadunda. Umbali ambao risasi ya kwanza, siyo ya tano, inaingia kwenye mduara katika kila hali hizo ndio umbali wako wa kuwinda, na kwa watu wengi wa mwaka wa kwanza haufiki mita 25. Uandike kwa kalamu kwenye kipande cha utepe na uubandike kwenye kitako, upande unaouona ukileta bunduki begani.